Jinsi ya kulea mawazo mapya kazini: kutoka lalamiko la mteja hadi bidhaa sokoni

Karakana na ofisi nyingi hazina upungufu wa mawazo. Fundi anayeshona tangu asubuhi anajua ni mshono gani unaachia. Dada wa mapokezi anajua swali ambalo wateja huliuliza kila siku na hakuna anayelijibu. Mawazo yao hufia njiani, baada ya kusemwa na kabla ya kujaribiwa. Mkubwa anasema "tutaliangalia", wiki zinapita, na aliyelisema anajifunza kunyamaza. Ndiyo maana semina za kuwahamasisha watu wawe wabunifu hazisaidii sana. Kinachosaidia ni njia iliyo wazi: wazo linapokelewa na nani, linajaribiwa kwa pesa ngapi, na mwenyewe atajibiwa lini.

Mwongozo huu unafaa kundi la watu 8 hadi 30, iwe karakana, studio ya video au muziki, wabunifu wa mavazi, kampuni ya matangazo au watengenezaji wa programu. Mzunguko mmoja huchukua wiki 8. Ili hatua zishikike, tutatembea na mfano mmoja wa karakana ya watu 12 inayoshona mikoba ya kitenge.

Kabla ya kuanza

Andaa vitu vinne. Cha kwanza ni msimamizi wa mawazo mwenye saa 4 kila wiki zilizoandikwa kwenye ratiba yake ya kazi. Asiwe mkubwa wa ofisi, maana watu watamwambia anachotaka kusikia. Asiwe pia mgeni aliyeingia juzi, maana hatajua amwendee nani. Fundi wa muda mrefu anayeheshimiwa na wenzake ndiye chaguo bora.

Cha pili ni daftari moja. Lipige mistari ya safu sita: tarehe, wazo, mwenye wazo, jibu, tarehe ya jibu, na kilichokwamisha. Safu hiyo ya mwisho huonekana haina kazi, lakini utakuja kuihitaji kuliko zote. Cha tatu ni ubao au ukuta mtupu mahali ambapo kila mtu hupita.

Cha nne ni fungu la pesa. Kwa karakana ya mfano wetu, tenga shilingi 300,000 za Tanzania kwa mzunguko mzima, na umruhusu msimamizi atumie hadi 50,000 kwa jaribio moja bila kuomba sahihi ya mtu, mradi alete stakabadhi. Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama. Uzi wa shilingi 4,000 ukihitaji sahihi tatu, jaribio halitaanza, na lawama itamwangukia mwenye wazo kwamba hakufuatilia.

Sanduku la maoni lenye kufuli achana nalo. Karibu kila ofisi imewahi kuwa nalo, na watu wanajua kwamba karatasi iliyoingia mle hairudi na jibu. Toyota imekuwa na utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, na mengi ya mapendekezo hayo ni madogo, yanayohusu kazi ambayo mtu anaifanya kwa mikono yake. Weka sheria mbili tu: kila wazo lipokewe na kuandikwa mbele ya mwenyewe, na jibu litoke ndani ya siku 14. Jibu linaweza kuwa "hapana", lakini liambatane na sababu moja inayoeleweka. Mtu aliyekataliwa kwa sababu ya kweli huleta wazo la pili. Aliyenyamaziwa haleti.

Wiki ya 1 na ya 2: chagua tatizo moja na uliandike kama swali

Anzia kwenye malalamiko. Hesabu bidhaa zilizorudishwa miezi 3 iliyopita na uzigawe kwa sababu. Kisha watume watu wawili wakawatazame wateja watano wakitumia bidhaa. Mmoja aongee, mwingine aandike. Waandike kile mteja anachofanya, si anachosifia, kwa sababu mteja mwungwana atakwambia mkoba ni mzuri huku ameufunga kamba kwa pini.

Tuseme malalamiko mengi ya karakana yetu yanaangukia kwenye kamba kuchomoka pale inaposhonewa mdomoni mwa mkoba. Swali la "tuboresheje mikoba yetu?" halifai. Litaleta majibu ya rangi, vifungo, nembo na bei, na hakuna litakalopimika. Andika hivi: "Tufanye nini ili kamba ibebe kilo 10 kutwa nzima bila kuachia, na gharama ya mkoba isiongezeke zaidi ya shilingi 1,000?"

Swali hilo lina vipande vitatu: jambo lenyewe, kipimo, na mpaka wa gharama. Kipande kimoja kikikosekana, rudi mezani. Kosa jingine la hatua hii ni kuficha jibu ndani ya swali. Ukiandika "tupate wapi uzi mgumu zaidi?" umeshaamua kwamba kosa ni la uzi, na huenda kosa ni la mahali kamba ilipofungwa. Libandike swali ukutani siku 3 kabla ya kikao ili watu walale nalo.

Wiki ya 3: kutoa mawazo, na kwa nini watu waandike kwanza

Mazoea ni kukaa duara na kila mtu aropoke linalomjia. Njia hiyo ilienezwa na Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo, na inavutia kwa sababu chumba huchangamka. Lakini jaribio la Chuo Kikuu cha Yale la 1958 lilionyesha kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, hutoa mengi kuliko idadi hiyo hiyo wakikaa pamoja. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine wanasubiri zamu, na wakati wa kusubiri mawazo yao yanapotea au wanayachuja wenyewe. Kwetu kuna la ziada. Mkubwa akishasema lake, kijana hapingi. Ni adabu njema, ila kikao kinakuwa kimekwisha.

Kwa hiyo tumia njia ya 6-3-5, aliyoibuni Mjerumani Bernd Rohrbach mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu 6, mawazo 3 kila mmoja, dakika 5 kwa kila duru. Inafanywa hivi:

1. Kila mtu apewe karatasi ya A4 iliyolazwa, yenye safu 3 na mistari 6. Juu yake liandikwe swali.
2. Kwa dakika 5, bila kuongea, kila mmoja ajaze mstari wa kwanza kwa mawazo matatu.
3. Karatasi zihamie kulia. Kila mtu asome aliyoandika mwenzake, kisha aongeze matatu: ayaendeleze, ayageuze au aanze mapya.
4. Endeleeni hadi duru 6 zikamilike. Kuanzia duru ya 4 ongeza dakika ziwe 7, kwa kuwa kuna mengi ya kusoma.

Kwa hesabu, karatasi 6 zenye visanduku 18 kila moja ni visanduku 108. Vingi vitarudiana na vingine vitabaki vitupu. Usiwalazimishe watu kuvijaza. Asiyependa kuandika achore. Mchoro wa mshono hueleweka kuliko sentensi tatu. Kundi lichanganye kazi: washonaji wawili, mkataji, muuzaji, mpokezi, na mtu wa mizigo au usafi anayebeba mkoba huo huo nyumbani. Mkubwa asikae kwenye kundi. Akitaka kuchangia, aandike karatasi yake jana yake na iingizwe bila jina.

Saa nzuri ni asubuhi ya katikati ya wiki. Ijumaa mchana usipange kwa sababu ya swala, na siku tatu za mwisho wa mwezi usipange kwa sababu akili za watu ziko kwenye oda na mishahara.

Wiki ya 3, siku ya pili yake: kuchuja

Usichuje siku hiyo hiyo. Watu wamechoka, na wanalinda yao. Kesho yake msimamizi abandike mawazo ukutani akiwa ameunganisha yanayofanana. Kila mtu apewe alama 4 za kuweka, na aziweke kimya kimya. Yanayopendwa yapite kwenye maswali matatu: Linagusa swali letu? Linaweza kujaribiwa ndani ya wiki 2? Linaweza kujaribiwa kwa shilingi 50,000 au chini?

Chagua matatu tu. Mawili yawe yale yenye alama nyingi. La tatu liwe wazo la ajabu ambalo angalau mtu mmoja yuko tayari kulitetea, hata kama lina alama moja. Nafasi hiyo ilindwe kwa sheria, la sivyo kura za wengi zitachagua mambo ya kawaida kila mzunguko na utabaki unarekebisha yale yale.

Karakana yetu inaweza kuchagua hivi. La kwanza ni kubadili mshono wa mstari mmoja uwe mraba wenye msalaba katikati. La pili ni kuweka kipande cha turubai cha sentimita 5 kwa 5 kwa ndani, ili uzi ushike kitu kigumu, kwani kitenge peke yake ni pamba nyepesi inayochanika kwenye matundu ya sindano. La ajabu ni kuondoa kabisa kiungio cha mdomoni: kamba izunguke mkoba wote, ipite chini ya kitako na kupanda upande wa pili, uzito ubebwe na kamba na si na kitambaa.

Wiki ya 4 na ya 5: jaribio la bei ndogo

Kila wazo lipewe kadi yenye mistari mitano: tunaamini nini, tutafanya nini, kwa nani au kwa kitu gani, hadi tarehe gani, na namba gani itatufanya tuache. Namba hiyo ya mwisho iandikwe kabla ya jaribio kuanza na isainiwe na mwenye wazo. Ikiandikwa baadaye, watu huisogeza ili wazo lao lipone.

Kwa mikoba, kadi inaweza kusema: "Tunashona 10 kwa kila namna. Kila mkoba unawekewa lita 10 za maji ndani ya dumu, unatundikwa kwenye ndoano kwa muda wa saa 8. Tunaukagua baada ya saa 1, 4 na 8. Kisha tunaunyanyua na kuuachia ghafla sentimita 10, mara 20. Zaidi ya mmoja ukiachia, tunaacha." Lita 10 za maji ni kilo 10, kwa hiyo huhitaji mizani. Kule kuachia ghafla ni muhimu: mkoba hauharibiwi na uzito uliotulia, unaharibiwa na mtikisiko wa kupanda na kushuka daladala. Shona na mikoba 10 ya namna ya zamani uitundike sambamba. Bila hiyo hutajua kama mpya ni bora, utajua tu kwamba haikukatika.

Kanuni ya gharama ni kuanza na karatasi kabla ya kitambaa, na kitambaa chakavu kabla ya kipya. Mtengeneza programu achore kurasa za simu kwenye karatasi na ampe mtumiaji mmoja azibonyeze kwa kidole. Mtayarishaji wa kipindi cha redio arekodi dakika 5 tu na awasikilizishe watu watano, akiangalia ni dakika ipi wanaanza kushika simu zao. Mbunifu wa kanga achapishe muundo kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili, takriban mita 1.5 kwa 1.1, autundike na asimame mita 3: pindo lisimeze mji, na jina lisomeke. Kwenye skrini kila kanga inapendeza. Makosa ya jina kuwa dogo au pindo kuwa zito huonekana ukutani tu, na ni afadhali yaonekane hapo kuliko baada ya kiwanda kuchapa maelfu ya doti.

Kazi za sanaa: kikao cha maoni

Mkoba unapimwa kwa dumu la maji. Wimbo, filamu au tangazo haupimiki hivyo, na hapo ndipo vikao vya maoni huharibu kazi. Studio ya Pixar, watengenezaji wa filamu za katuni wa Marekani, ina kikao cha waongozaji na waandishi wanaotazama filamu ambayo haijakamilika na kusema wazi panapolegea. Kikao hicho hakina mamlaka. Mwongozaji husikiliza, kisha huamua mwenyewe atatibu vipi.

Iga sehemu hiyo ya mamlaka. Wakusanye watu 4 hadi 6, waliowahi kufanya kazi ya aina hiyo. Wasiwepo mteja wala mtoa pesa. Kila mmoja ataje sehemu moja iliyomshika na sehemu moja iliyompoteza, akitaja dakika au ukurasa. "Sijaipenda" isipokewe kama maoni. "Dakika ya 4 sikujua tena nani anamdai nani" ipokewe. Mwenye kazi aandike asijitetee, kwa sababu kila dakika ya kujitetea inamnyima maoni ambayo angeyapata. Kikao kisizidi dakika 90, na siku 2 baadaye aseme atabadili nini.

Kuna jambo jingine la sanaa ambalo wasimamizi hulisahau: kuiga ni sehemu ya kujifunza, ila soko linaweza kukufungia humo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu vilivyopatikana karibu, vipande vya mbao laini za kiwandani na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Wanafunzi wake walijifunza kwa kunakili, wakaendelea baada ya kifo chake 1972, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mtindo umeishi kwa sababu ya kunakili huko. Lakini mchoraji yeyote anajua picha ipi inanunuliwa haraka na watalii, na mkono huzoea kuirudia. Ushauri wetu kwa karakana za aina hii ni kuandika mgawo: katika kila kazi 10, nane ziwe za soko la uhakika na mbili ziwe za jambo jipya, zikitundikwa sehemu moja na zile nyingine ili mnunuzi azione.

Wiki ya 6 na ya 7: peleka kwa watu, na uangalie wanavyokiuka mpango wako

Wazo lililovuka jaribio la ndani sasa litumiwe na wateja halisi, wachache, kwa wiki 2. Wateja 20 hadi 30 wanatosha kwa bidhaa kama mkoba.

Mfano bora wa hatua hii uko Kenya. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Ilikuwa njia ya kupokea na kulipa mikopo midogo. Vodafone ilipata ruzuku ya serikali ya Uingereza, Safaricom ikawa na mtandao, na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ikaleta wakopaji wake. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa wateja wasiofika 500 na mawakala 8 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wateja hao wakafanya yao. Wengine walilipana wao kwa wao katika biashara. Wengine waliweka pesa kabla ya kusafiri na kuzitoa walikofika, wasitembee na fedha mfukoni. Wengine walihifadhi mauzo ya siku usiku kucha kwa kuwa benki zilishafungwa. Upande wa mikopo wenyewe ulikuwa mzito, maana kulipa kwa simu hakukuoana vizuri na utaratibu wa vikundi vinavyokutana na kudhaminiana. Waliokuwa wanaendesha majaribio waliyaandika hayo yote, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Tazama kilichowezesha hilo. Kundi lilikuwa dogo kiasi cha kufuatiliwa mteja kwa mteja, na matumizi yasiyopangwa hayakuhesabiwa kama makosa ya wateja. Kwa hiyo fomu yako ya wiki hizi mbili iwe na safu ya "matumizi ambayo hatukuyapanga", na msimamizi aulizwe safu hiyo kwanza kila Jumatatu. Mteja akitumia mkoba wako kubebea kompyuta, hiyo ni habari kubwa kuliko sifa zake.

Pia, wape watu kitu chenyewe, usiwaulize tu kama wangekinunua. Kampuni ya 3M ilipojaribu karatasi zake za kunata kwenye miji minne ya Marekani mwaka 1977, mauzo yalikuwa hafifu. Mwaka uliofuata waligawa bure sampuli katika mji wa Boise, na zaidi ya asilimia 90 ya waliozitumia wakasema watanunua. Kitu kigeni hakielezeki, kinashikwa.

Wiki ya 8: kuamua, kulipa na kuandika haki

Kikao cha uamuzi kichukue saa 1. Soma kadi, soma namba ya kuacha, linganisha na kilichotokea. Majibu ni matatu: tunaendelea, tunarekebisha mara moja tu kwa wiki 3, au tunaweka rafuni. "Tuliache kwanza tuone" si jibu. Jaribio linaloning'inia hula saa za msimamizi na kuziba nafasi ya jingine.

Malipo yapangwe kabla ya mzunguko kuanza, yaandikwe ukutani. Tunapendelea kiasi kidogo na cha haraka kwa kila wazo lililojaribiwa, liwe limefaulu au limeshindwa, na kiasi kikubwa zaidi kwa lililoingia sokoni, kigawanywe kwa walioandika na walioshona sampuli. Ukilipa washindi pekee, watu wataleta mawazo salama tu. Jina la mwenye wazo litajwe mbele ya wenzake, na msimamizi wa idara asilichukue kama lake. Hilo likitokea mara moja tu, daftari litakaa tupu mwaka mzima.

Haki ziwe kwenye maandishi. Hakimiliki hulinda mchoro, maandishi, muziki au picha iliyokwisha kutengenezwa. Wazo tupu hailindi. Mkataba wa ajira na ule wa wafanyakazi huria useme wazi nani anamiliki kazi, jina la nani litaonekana, na itakuwaje kazi hiyo ikiuzwa tena. Kwa Tanzania Bara kazi za sanaa husajiliwa COSOTA, na kwa Kenya ni KECOBO, ofisi zinazoshughulikia hakimiliki. Uvumbuzi wa kiufundi ni njia nyingine: husajiliwa na wakala wa BRELA kwa Tanzania Bara, na taasisi ya KIPI kwa Kenya. Muulize mwanasheria kabla ya kuuonyesha kwenye maonyesho, kwa sababu hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, hutaka uvumbuzi uwe mpya, na kuutangaza mapema kunaweza kukuharibia ombi.

Rafu, na mzunguko unaofuata

Mawazo yaliyoshindwa yatunzwe na sampuli zake, kila moja na kadi yake. Spencer Silver wa 3M alipata gundi dhaifu isiyoshika sawasawa mwaka 1968, na hakuna aliyejua ya nini. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyekuwa akitaka alama isiyodondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya, akaikumbuka, na hapo ndipo zilipotoka zile karatasi za kunata. Aliikumbuka kwa sababu Silver hakuacha kuwasimulia wenzake.

Kwenye mzunguko mpya badilisha watu wawili kati ya sita wa kikao cha kuandika. Ukibadilisha wote, mtaanza kufundishana upya. Usipobadilisha hata mmoja, karatasi zitaanza kufanana. Rafu ipitiwe kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Huna haja ya kusoma kadi zote, soma safu ya "kilichokwamisha" kwenye daftari. Pale palipoandikwa "turubai ni ghali" na sasa kuna muuzaji mpya, au "simu za wateja haziwezi" na sasa zinaweza, toa kadi hiyo uipeleke kwenye kikao cha kuchuja kinachofuata, na mwite aliyeileta mara ya kwanza akae hapo.